Madoa ya Neema na kikombe cha jirani

Kanyaruchinya, Jumapili asubuhi

Mama yangu,

Nakusalimu wewe, halafu nalisalimu goti lako: bado linakuuma ukiamka? Huko Rutshuru mumevuna maharagwe, au vita vimewafukuza tena shambani? Sisi tuko hai chini ya turubai, Mungu asifiwe.

Dereva wa pikipiki alinifikishia maneno yako: "Usipeleke mutoto hospitali, ni jirani amemulisha sumu." Mama, sikushangaa. Neema alipotokwa na madoa mekundu ya kukolea miguuni na matakoni, na vifundo vikavimba, mimi pia nilimtazama Mama Aline, jirani anayempa uji ninapoenda kutafuta kuni. Ni kweli huonja kwanza mbele yangu, kama ilivyo desturi. Lakini nilianza kuangalia ni upande gani wa kikombe anaonjea. Siku moja alichoka: "Mama Neema, nionje mara ngapi? Nitanenepa juu ya uji wa mutoto wako!" Sikucheka.

Hata hivyo nilimpeleka mtoto. Daktari akakandamiza glasi juu ya madoa, hayakufifia. Akasema hiyo ni damu iliyotoka kwenye mishipa, kisha akataka kumtoa damu nyingine mkononi.

"Ngozi ndiyo inagonjwa, juu ya nini mukamate damu?" nikamuuliza. Maana hapa kambini wanasema damu yetu inauzwa.

"Mama, kuja uangalie."

Nikaifuata chupa ndogo ya damu yake hadi mlangoni pa labo, chumba wanamopimia damu, nikasimama pale mpaka jibu likatoka.

Daktari alikuwa anatafuta plakete, vipande vidogo mno vilivyo ndani ya damu, vinavyoziba kidonda. Zikipungua sana, damu huvuja chini ya ngozi. Za Neema zinatosha. Basi, akasema, ni mishipa midogo ya ngozi iliyowaka na kuvimba, pengine kwa sababu ya mafua aliyougua kabla ya madoa. Plakete hukimbilia hapo kuziba, lakini pia huwaita askari wengine wa damu, na uvimbe unaweza kuzidi.

"Kumbe mulinzi naye anaongeza moto?"

"Wakati mwingine, mama."

"Na sumu?"

"Sumu sijaona."

Hajaona, Mama, lakini labo ilitafuta plakete, haikutafuta sumu. Hilo nimeliweka moyoni.

Madoa sasa yanafifia. Ninapeleka mkojo wake kila wiki, maana figo zinaweza kuguswa, na hofu yangu kubwa iko hapo. Mwambie kaka yangu mkubwa, Yaya Faustin, asije kumfukuza Mama Aline kama alivyoapa. Mwanamke huyo amekimbia Masisi. Akifukuzwa hapa, ataenda wapi?

Jana alileta uji, akainua kikombe aonje. Nikamnyang'anya, nikanywa mimi, majirani wakitazama. Akasema, "Leo nani atanenepa?" Akapangusa macho kwa kitenge. Neema akamalizia kilichobaki.

Nisalimie baba mdogo na ng'ombe wake, na dada yangu anayekulimia. Tangu jana nalisikiliza tumbo langu. Hadi sasa linanguruma kwa njaa tu.

Binti yako,
Zawadi