Poda Chini ya Macho

Jumapili jioni

Na mimi nilidhani poda itasaidia. Wiki nzima nimeweka vipande vya viazi baridi juu ya macho na weusi umebaki palepale, kwa hivyo leo nikapaka poda kabla ya kwenda kanisani. Wakesho ana miezi mitatu na bado hajui usiku ni wa kulala. Sababu ni hiyo tu.

Baada ya ibada, Mama Mghoi, kiongozi wetu wa akina mama, alinivuta kando. Akanifuta chini ya jicho kwa kidole, polepole.

"Mama Wakesho, ni bwanako?"

"Hapana, mama. Ni mtoto anakesha."

"Hata mimi nilikuwa nasema nimegongwa na mlango."

Nikaapa. Kadiri nilivyokataa ndivyo alivyozidi kunishika mkono. Halafu nikalia, kwa uchovu tu, na hapo ndipo nikaharibu kabisa. Jumamosi wazee wa kanisa watakuja nyumbani kuongea na mume wangu, Mwakio.

Mwakio, ambaye hajawahi kuniinulia hata sauti. Akishaitwa mpiga mke hapa Voi, nitaenda kwa nani kumtetea, na haya macho yangu?

Labda wakimwona na mtoto wataelewa. Labda.

Sasa hivi anamtembeza Wakesho uani, anamwimbia. Ameniambia, "Lala kidogo wewe, hayo macho yatapona." Nimelala kitandani na nguo za kanisani, na sijui nitaanzia wapi kumwambia.