Maji Yamesimama Yenyewe

Jumanne, baada ya isha

Yamesimama! Dumu la kunyweshea kuku limejaa, limekaa ndani ya beseni, kifuniko nimekikaza, na maji yametoka kwenye tundu la ubavuni, yakapanda ndani ya beseni mpaka yakalifunika, basi, yakasimama yenyewe. Nimecheka peke yangu uani kama mwehu.

Jana nilitoboa tundu juu mno, kupita ukingo wa beseni. Ua mzima ukawa tope, na kuku wangu wakarudi kunywa kwenye ndoo ya udhu ya mama mkwe. "Wakiigusa tena," akanambia, "Ijumaa tunapika pilau ya kuku." Yule hana masihara. Sikulala.

Leo nimechukua dumu jengine la mafuta ya kupikia, nikalitoboa kwa msumari wa moto, chini kabisa. Jogoo akalizunguka, akalitazama kwa jicho moja, akanywa. Wenzake wote wakamfuata!

Bado nnaogopa. Kuku ni kuku, na Ijumaa hiyo inakuja.

Lakini magharibi nilipotoka kuanua kanga, nilimkuta mama mkwe amechuchumaa mbele ya beseni. Anachota maji kwa kiganja, anangoja yapande, anacheka.

"Nnaangalia tu kama ni safi," akanambia, akachota tena.