Kijiti Kilichosimama Kwenye Kikombe cha Ouma

Busia, Jumanne, 1976. Mvua tangu asubuhi.

Tangu mpaka huu uwekwe, hajazaliwa mwendesha baiskeli kama mimi. Mwaka jana nilimbeba mama mmoja, gunia lake la mahindi na mbuzi wake kutoka Mundika, nikapita lori kwenye mlima, na aliyetoka jasho ni mbuzi. Shule niliiacha darasa la tano kwa hiari yangu. Mwalimu alikuwa ameishiwa na vya kunifundisha.

Leo sijabeba mtu. Nimekaa kitandani naandika, na kitanda cha pili kinaniangalia. Blanketi limekunjwa pembe nne. Ouma hulikunja hivyo kama askari, na mimi humcheka.

Leo ni siku ya kumi na saba hajarudi.

Wacha nianze na yule mzee Mjapani, maana bila yeye nisingejifanya profesa. Alikuja kupima maji ya visima huko Mundika, na mimi ndiye niliyemfikisha kila asubuhi, amekaa nyuma amekumbatia sanduku lake la vyombo. Chai yake ilikuwa ya kijani, haina maziwa wala sukari, ladha yake nyasi tupu. Nilikunywa kwa heshima. Siku moja alichungulia kikombe chake, akatabasamu peke yake, akakimaliza bila neno. Jioni ndipo akanieleza. Kwao, kijiti cha majani ya chai kikisimama wima kikombeni, hiyo ni bahati, na hutokea mara chache sana. Lakini unakunywa na unanyamaza. Ukitangaza, bahati inakuhama.

Nikamuuliza, sasa mbona umeniambia mimi? Akasema bahati yake imeshafika, kisima cha leo kimetoa maji.

Alipoondoka, nikaisimulia hadithi hiyo mpaka wenzangu wa baiskeli wakanikimbia. Aliyeiamini ni Ouma peke yake.

Ouma na mimi tumekodi chumba hiki pamoja. Mwezi uliopita ilifika habari kwamba mama yake, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka huko Tororo, ni mgonjwa sana. Ouma alitaka kwenda, akaogopa. Kipande chake cha kitambulisho ni cha Kenya, na siku hizi wanajeshi wa upande ule wanashusha watu kwenye vizuizi, wengine hawaonekani tena. Wiki nzima aliamka akisema naenda, akalala akisema siendi.

Asubuhi moja tunakunywa turungi, maziwa hatuna, akaacha kunywa. Akanionyesha kikombe kwa kidole. Kijiti kimesimama katikati kama mlingoti wa bendera.

Alifungua mdomo, nikamuwahi.

"Usiseme kitu. Kunywa, uende. Hata mjomba wako usimwambie."

Akanywa. Akakunja blanketi. Akaenda kuvukia Malaba, na kweli hakumwambia mtu.

Leo saa nne mama yake ametokea pale tunapongoja abiria. Mzima kabisa, amejifunika nailoni kichwani kwa ajili ya mvua. Anasema alipona zamani, akangoja mwanawe aje kumwona, akachoka kungoja.

"Umekonda, wewe," akaniambia. "Ndugu yako yuko wapi?"

Mimi, na mdomo wote huu, nikasema amepata kibarua Bumala.

Akanishukuru. Akaniita mwanangu. Akaondoka kwenda Bumala na mvua hii hii.

Sijawahi kuona chumba kidogo kikawa kikubwa namna hii. Nimeongea na baiskeli. Nimechemsha chai ya watu wawili, nikamwaga nusu.

Mama atarudi jioni, amechoka, na hatakuwa amemwona. Nitamwambia Ouma alivuka, nitamwambia siku gani na njia gani. Hayo naweza. Anipige kama anataka.

Kuna moja sijui kama nitaweza, ndiyo maana naliandika hapa kwanza.

Turungi ile niliichuja mimi mwenyewe. Haikuwa na kijiti. Nilivunja kijiti kwenye ufagio, nikakitafuna ncha moja ili inywe maji izame, nikakitia kwenye kikombe cha Ouma alipoinama kutafuta viatu. Nilikuwa nimechoka kumsikia akiogopa. Na nilitaka, akirudi, nipate la kumcheka.