Ngano ya Arobaini ya Stamatis

Ikaria, 4 Novemba 1951

Kaka Stamatis,

Salamu nyingi kutoka nyumbani kisiwani. Sisi wazima, mama anakohoa kidogo tu. Hali yako ndiyo inayotukosesha usingizi. Jeshi lako la Marekani limeandika kwamba ndege uliyokuwa ukiirusha haikurudi kutoka Korea, nawe hujaonekana. Hawakusema umekufa. Nimemsomea mama tena na tena, naye ananijibu, "Marigo, mtu akianguka toka mawinguni ataonekana wapi?"

Anataka kukuchemshia ngano ya arobaini, ile ya kuombewa na kuliwa kanisani kwa ajili ya marehemu. Nimemwambia aliye hai hachemshiwi ngano, ni kukiita kifo mlangoni. Amenuna. Nakuomba, jibu kabla hajawasha moto.

Mdogo wako,
Marigo

Ikaria, 20 Januari 1952

Kaka,

Sijui salamu hizi zitakufikia wapi. Mama amechemsha. Ngano ikatiwa zabibu na komamanga, padri Leonidas akalitaja jina lako kanisani, kijiji kizima kikala. Mimi nilikataa kuonja. Shangazi Fotini akaninong'oneza, "Unamtia mama yako aibu." Tangu siku hiyo mama amevaa nyeusi.

Mwenye posta ananicheka. "Ahera hakuna posta, Marigo." Mwache acheke. Nina hasira na wewe pia. Ulivuka vita vya Wajerumani bila hata mkwaruzo, ukaona haitoshi.

Mdogo wako,
Marigo

Hospitali ya jeshi, Japani, 15 Septemba 1953

Mdogo wangu Marigo,

Natumaini hamjambo. Mimi si mzima sana, ila nipo. Niliruka kwa mwavuli, wakanikamata, nikakaa kambi ya mateka hadi mwezi huu walipotuachia. Barua zako zote nimepewa kwa mkupuo, na ile ya ngano imo. Nilicheka, kisha nikalia, muuguzi akadhani nimerukwa na akili. Mwambie mama avue hiyo nyeusi.

Kaka yako,
Stamatis

Ikaria, 30 Oktoba 1953

Kaka yangu,

Shukuru Mungu, maana mimi nimeshukuru hadi sauti imekauka. Mume wangu anakusalimu. Mtoto wetu wa kwanza yuko njiani.

Lakini mama haamini. Anasema barua naiandika mwenyewe ili nimpoze. "Wewe uliyekataa kula ngano, utakubali nini?" Nikamwita padri aisome yeye. Mama akamtazama akasema, "Na wewe Marigo amekuhonga jibini." Hali chakula vizuri, Stamatis. Ameshatoa nguo ya kuzikwa nayo, anasema anakufuata. Majira ya baridi haya sidhani atayamaliza.

Hawezi kuamini mpaka akushike. Ila ujue hili kabla hujaja: jina lako limebandikwa kituo cha polisi, mtoro wa jeshi, kwa sababu uliondoka kijana na jeshi la hapa kwetu lilipokuita hukuwepo. Nilimwambia sajini kwamba umepigana vita viwili. Akasema, "Vya wengine. Vyetu bado." Ukikanyaga hapa watakufunga.

Mdogo wako,
Marigo

Mahabusu ya Samos, 21 Februari 1954

Mdogo wangu,

Habari za mtoto? Nimesikia ni wa kiume. Mimi sijambo kwa mtu aliyefungwa.

Unajua walivyonidaka gatini kabla mama hajanifikia. Kesho yake alipanda meli akanifuata huku, na hajaondoka. Siku ya kwanza alipitisha mkono kwenye nondo akanipapasa uso kama anayechagua tikiti sokoni. Kisha akanivuta sikio, kwa nguvu. "Umekonda," akasema. "Maiti hakondi hivi." Nililia mbele ya askari, na sioni haya.

Kila mchana ananiletea dengu na mkate. Nyeusi ameivua. Juzi askari alimwambia karatasi ya ubalozi imekaribia kufika, nitaachiwa nirudi Marekani. Nilidhani atafurahi. Nikamsikia anambembeleza askari huyo: "Mwanangu, mshikilie hata mpaka Pasaka."

Kaka yako,
Stamatis

Ohio, 9 Oktoba 2011

Mdogo wangu Marigo,

Salamu kutoka huku. Goti linauma, jicho la kushoto limezima, mengine bado yapo. Nimefikisha miaka tisini. Ndege za jeshi nimeziacha zamani, mke nimemzika, wanangu wenyewe sasa ni wazee. Walioila ngano yangu wote wametangulia: mama, shangazi Fotini, padri. Kila aliyekufa huko, ni wewe uliyeniandikia.

Jana nimepokea barua ya mwanao Yanis. Anasema umetutoka Jumapili baada ya kanisa, na ananiuliza aongeze nini kwenye ngano yako ya arobaini. Habari ya kifo chako imeandikwa na mkono mwingine, nitaiaminije? Nilimlaumu mama, lakini leo namwelewa. Nimemjibu Yanis asithubutu kuchemsha chochote.

Daktari amenikataza kupanda ndege. Mimi, kukatazwa ndege. Nimeshakata tiketi. Nitafika Alhamisi, nitakuja moja kwa moja mpaka mlangoni kwako, na nitabisha.

Nifungulie.

Kaka yako,
Stamatis