Breki ya Katekista: Skrubu Zilikubali, Mafuta Yakakataa

Mpendwa Mama Mshauri,

Tumsifu Yesu Kristo, na kama umenizidi umri basi shikamoo, maana sauti ya redioni haina mvi. Mimi ni fundi baiskeli hapa Ntobeye, nina miaka hamsini na mbili, shule niliishia darasa la saba, kanisani naimba besi, na naomba unisaidie kwa jambo lililonikalia kifuani mpaka komunyo nimeanza kuikwepa, mke wangu Genoveva anadhani naumwa.

Katekista wetu Tomasi ana baiskeli ya milimani yenye breki za diski, siyo hizi zetu za vyuma na raba, hii ukibana mkono wa breki pale kwenye usukani mafuta yanasukumwa ndani ya mpira mpaka chini kwenye kalipa, ndiyo inayobana sahani ya gurudumu. Alipewa na padre mmoja aliyerudi kwao, nayo ndiyo inayompeleka vigangoni. Mwezi wa nne mkono wa breki ya mbele ulivunjika, akaniletea, nami nilikuwa na mkono mwingine niliouvua kwenye baiskeli mbovu, wa kampuni nyingine kabisa, nikaujaribu, skrubu zikaingia, mpira ukakaa, nikasema moyoni hawa wamepatana, nimewafungisha ndoa.

Yakabaki mafuta. Nilipokwenda Lusahunga kumwona dada yangu nikaingia kwa Niyokwizera anayeuza vipuri vya malori, nikaomba doti foo, ndiyo mafuta ya breki. Akauliza, "Lori la nani, mzee?" Nikamwambia ni ya baiskeli. Alicheka mpaka akakaa chini. "Baiskeli inakunywa doti foo? Na bima umeikatia?" Nikacheka naye. Nyumbani Genoveva kusikia nimerudi na doti akatoka jikoni mbio akidhani ni doti ya kanga, akakutana na chupa.

Sasa Mama, dhambi yangu ni hii. Mkono niliouweka, kifuniko chake kimeandikwa doti. Ule uliovunjika, uliokuja na ile kalipa, kifuniko chake kimeandikwa "Mineral Oil Only". Kiingereza changu ni kidogo lakini "only" naijua, ni "tu". Niliyaona maandishi yote mawili, nikajua hayafanani, nikasema mafuta ni mafuta.

Wiki mbili breki ikashika vizuri. Wiki ya tatu katekista alikuwa anateremka mlima kwenda kigangoni, akabana, mkono ukaenda mpaka kwenye usukani kama amebana hewa, breki ya nyuma peke yake haikumweza, akaiacha barabara akaingia migombani. Alitoka na mchubuko wa kiwiko. Jumapili akaleta sadaka ya shukrani, mkungu na jogoo, akashuhudia mbele ya wote, "Shetani alikata breki, Bwana akaniwekea migomba!" Vigelegele. Kisha akasema, "Na fundi wetu asivunjike moyo, mikono yake ni ya Mungu, baiskeli nimemrudishia." Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kwaya, nikainama kama natafuta ukurasa.

Nilipofungua kalipa nilikuta sili, vile viduara vya mpira vinavyozuia mafuta, vimevimba kama maharage yaliyolowekwa. Nikafuta, nikajaza doti upya, na Mama, inashika. Jumamosi anakuja kuichukua. Nikisema nauharibu ushuhuda wa mtumishi wa Mungu, watu watasema kumbe hakuwa shetani, alikuwa fundi, na nisiposema ndiyo hivyo usingizi sina. Nifanyeje?

Fundi F., Ntobeye

*

Milele amina. Na marahaba, nimekuzidi miaka sita, na mvi ninazo.

Fundi, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilimcheka Genoveva na chupa yake. Mara ya pili sikucheka. Jumamosi mtu anapanda baiskeli ambayo wewe mwenyewe umeona sili zake zimevimba, halafu unaniuliza habari za ushuhuda?

Nimemwuliza fundi wa breki hizi hapa Biharamulo, mama mmoja anaitwa Felisita. Anasema sili za kampuni moja zimetengenezwa kwa mafuta haya, za kampuni nyingine kwa yale. Ukitia doti, kalipa inavimba. Ukitia yale ya kalipa, mkono ndio utakaovimba. Hakuna chupa itakayowaridhisha wote wawili. Skrubu kuingia maana yake vyuma vimelingana, basi. Kuingiana si kupatana, baba. Na usiniambie leo inashika. Hata ile mara ya kwanza ilishika wiki mbili.

Sikulaumu kwa kujaribu. Nusu ya baiskeli za Ngara zinatembea kwa akili ya fundi aliyetumia kilichopo. Lakini ulisoma "tu" ukaipita, kisha ukanyamaza, kisha ukajaza tena. Shetani ana makosa yake ya kutosha, hili lako usimwongezee.

Ushuhuda hauna shida yoyote. Tomasi alimshukuru Mungu kwa migomba. Migomba ilikuwepo au haikuwepo? Ilikuwepo. Mungu alimwokoa, ila alimwokoa na breki yako. Kitakachopungua ukisema ni sifa ya mikono yako, nayo ndiyo unayoilinda ukasingizia kanisa. Pole, najua inauma.

Leo hii fungua mkono, mpira na kalipa, vyote. Usivirudishe kwenye boksi la vipuri, vitakushawishi siku nyingine. Pedi, vile vibao vinavyobana sahani, zimekunywa mafuta yaliyovuja, tupa. Sahani ioshe kwa spiriti. Agiza breki kamili, mkono na kalipa vya kampuni moja, na utie mafuta yaliyoandikwa kwenye kifuniko chake, siyo ya jirani yake. Ikikosekana, mfungie kalipa ya waya na mkono unaoendana nayo, hiyo haina mafuta kabisa. Ila hata hiyo usiokoteze: mkono unaovuta waya kidogo hautabana kalipa inayotaka waya mwingi.

Ukimaliza kufungua, nenda kwa katekista jioni hii hii, mwenyewe, usimtume Genoveva. Usianze na Maandiko. Anza na "niliona, nikapuuza." Akitaka kulisema kanisani, mdomo ni wake. Akikasirika, kasirikiwa.

Jumamosi vipuri vitakuwa havijafika na watu wa kigangoni watakuwa wanasubiri, kwa hiyo atakwenda kwa miguu. Mbebee mkoba, mwende wote. Akikusemesha mjibu, asipokusemesha tembea tu.