Makadamia za Baba

Ainabkoi

Kwako ndugu yangu Kibiwott,

Huku tuko wazima, na ng'ombe mweusi amezaa ndama jike.

Ile miti ya makadamia uliyosema tung'oe tupande mahindi imezaa sana. Sisi hatuchumi, tunangoja njugu zianguke zenyewe zikikomaa, na mnunuzi hajakataa hata gunia moja. Maganda laini yanarudi shambani kuwa mbolea, yale magumu tunawashia jiko la kukaushia.

Kuchagua ni kazi ya Baba. Anatikisa kila moja karibu na sikio: inayogonga imekauka, isiyogonga inarudi kwenye kichanja. Hakosei. Haoni tena tangu Pasaka, alitukataza kukuambia.

Ukija, mwite ukiwa bado getini. Anataka akuonyeshe shamba mwenyewe.

Dada yako,
Jerotich