Mhuri wa Kafili kwenye Risiti ya Toby

Shumaisi, Riyadh

Mdogo wangu mpendwa Mwakio,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama: tangu mwezi wa tano nilishaondoa vitabu vyangu kwenye rafu ya chini ili uweke vyako. Nikipita hapo naona aibu, kwa sababu leo nakuandikia kwamba huji.

Hujambo lakini? Kile kikohozi kimekuacha? Mpe nyanya shikamoo yangu, umwambie sote ni wazima, ila joto tu ndilo linalotutesa.

Baba hakutaka uambiwe sababu, anasema wewe bado mdogo. Mimi naona mtu aliyengoja miaka mitatu, tangu visa zilipotoka mbili, yangu na ya mama, badala ya tatu, anastahili kuambiwa.

Toby unamjua kwa picha, yule mtoto wa nesi Mmarekani anayefanya kazi na baba hospitalini. Shule zilipofungwa kwa kiangazi, mama yake alikosa pa kumwacha, akamwomba mama amwangalie mchana. Ikama ya mama, kile kibali cha kuishi hapa, imeandikwa kwamba haruhusiwi kufanya kazi, lakini baba alisema kukaa na mtoto si kazi, ni ujirani. Malipo yake yalikuwa yanawekwa kwa ajili ya visa yako na nauli.

Siku moja mama Toby alikuja na risiti aliyoiandaa mwenyewe.

"Kwetu," alisema, nami nikawa natafsiri, "tunalipa kodi hata tukiwa kazini nje, lakini mzazi anayefanya kazi akimlipa mtu amlelee mtoto wakati wa likizo, serikali humpunguzia kodi ya mshahara. Nahitaji jina la mama yako na saini yake tu."

Mama alicheka. "Muulize, na huyo anayenilelea wangu kule Wundanyi, serikali gani inampunguzia?"

Sikutafsiri hilo. Niliona haya, nikasema tu kwamba mama ameelewa.

Baba aliporudi kutoka kazini akaigeuza ile risiti mbele na nyuma. "Mbona haina mhuri?"

"Baba, hapa wanataka saini tu," nilisema.

"Nyumba hii niliipata kwa mhuri wa kafili aliyenidhamini hapa. Laini ya simu, mhuri. Shule yako, mhuri. Sasa tumpe mwenzetu karatasi kavu, watu wa kodi wa kwao wamfukuze nayo?"

"Mwache mtoto amalize," mama alimwambia. "Si yeye ndiye anayesoma?"

"Asome. Mimi ndiye ninayeishi na kafili."

Nilikuwa na sentensi nzima kichwani: kwamba hao watu wa kodi wako Marekani na hawana habari na kafili wetu. Lakini unanijua. Mtu akipandisha sauti kidogo, mimi huangalia sahani. Nikaangalia sahani.

Kesho yake baba akaipeleka risiti ofisini kwa kafili ipigwe mhuri, ikiwa ndani ya bahasha safi. Ombi la visa yako lilikuwa tayari mezani kwa kafili, likingoja barua yake. Kafili akaisoma risiti, akauliza, "Mke wako anafanya kazi?"

Baba akasema anamwangalia tu mtoto wa mwenzake.

"Analipwa?"

Baba hajui kudanganya. Kafili akamrudishia karatasi zote mbili pamoja. "Mafi visa, hakuna. Mkeo akionekana tena na mtoto wa watu, nyote mnarudi kwenu. Halas, yamekwisha."

Mama Toby alikuja kuomba radhi akilia, akasema heri angelipa kodi yake yote. Mama akamwambia si kosa lake. Toby sasa analelewa na jirani yao Mfilipino. Hapa nyumbani mama humwekea baba chai kama kawaida lakini haketi naye.

Shangazi Mshai alipiga simu kutoka Jeddah, kule mtaa wa Nuzha anakowalea watoto watatu wa madam wake. "Kaka yangu angepeleka hata maziwa ya mtoto yapigwe mhuri," alisema. Kisha akaniuliza ile kodi inapunguzwaje, nikamweleza. "Aa. Hapa mshahara haukatwi kodi. Madam wangu hapunguziwi kitu, ana mimi." Akacheka.

Najuta, Mwakio. Ningesema mara ya pili, pengine baba angekasirika jioni moja tu, basi, nawe ungekuja.

Nisalimie mjomba mshona viatu, na binamu Mghoi anayekusaidia hesabu, na mwalimu wako anayekuazima vitabu. Nyanya mwambie namshukuru kwa kukulea.

Kampuni ya baba hutoa tiketi moja kwa kila familia kila mwaka, na mwaka huu zamu ilikuwa yangu kuja nyumbani. Jumatatu nilimfuata baba ofisini, akidhani nimemsindikiza. Nikamwambia karani wa tiketi kwa Kiarabu afute jina langu aandike la mama. Hakunisikia. Nikasema tena kwa sauti, mpaka baba akageuka, na karani akaandika. Mama anafika huko mwanzoni mwa Agosti na atakaa nawe likizo yote. Mimi nitabaki kumpikia baba.

Dada yako,
Wakesho